Kiunzi cha Pamoja

Huko Galu, kusini ya Diani katika pwani ya Kenya, magari ya watalii huondoka mahotelini alfajiri kuelekea Shimba Hills au Tsavo Mashariki. Mengi ni Land Cruiser yenye paa la kunyanyuka, na mgeni hudhani yaliundwa hivyo Japani. Kumbe mengi yalianza maisha yakiwa pikapu. Fundi wa bodi huondoa sehemu ya mizigo, hukata chasisi na kuiunga kwa chuma ili irefuke, kisha hupandisha bodi mpya yenye madirisha mapana. Inama uchungulie chini: mihimili miwili ya pikapu ingalipo.

Anachokifanya fundi baadaye, viwanda vikubwa hukipanga tangu mwanzo. General Motors ilitumia mfumo mmoja, GMT800, kuundia pikapu ya Silverado pamoja na Tahoe, Suburban na Cadillac Escalade. Mwaka 2021 Toyota ilizindua Land Cruiser 300 na Tundra mpya, zote juu ya mfumo uitwao TNGA-F.

Mfumo huo tuuite kiunzi cha pamoja. Wengine husema jukwaa, lakini jukwaa limeshikwa na waimbaji, wanasiasa na sasa mitandao. Kiunzi kina undugu na kuunda, na pwani hii imeunda majahazi karne na karne.

Ila kiunzi si chasisi tu. Ndani yake mna mahali injini inapokaa, usukani, springi, nyaya za umeme, hata mpangilio wa mashine kiwandani. Wala hakilazimishi urefu mmoja: kati ya ekseli za Land Cruiser 300 pana milimita 2,850, ilhali Tundra ya milango minne huanzia kama 3,700. Kampuni huokoa fedha nyingi za usanifu na majaribio, mnunuzi akaambiwa kila gari ni la aina yake!

Undugu huo una gharama. Mwaka 2024 nchini Marekani, Toyota iliagiza magari kama 102,000 ya Tundra na nduguye Lexus LX yarudishwe, kwa sababu mabaki ya chuma yalikuwa yamesalia ndani ya injini ambayo magari hayo mawili yanaitumia.

Basi ukienda mjini Ukunda kutafuta spea, usitegemee kwamba magari mawili ni ndugu. Beba namba ya chasisi.