Kiada, Ziada na Msomaji Mtoto

Miongoni mwa istilahi zinazotumika kila siku katika ofisi na shule za Tanzania ni zile mbili pacha: kitabu cha kiada na kitabu cha ziada. Cha kwanza ni kile kinachofuata muhtasari wa masomo. Cha pili ni kile kinachosomwa pamoja nacho. Vitabu vya hadithi za watoto vimewekwa katika fungu hili la pili. Kwa mfasiri, mgawanyo huu hauna taabu. Kwa mtoto wa kijijini una uzito mkubwa, kwa kuwa fedha zinapopungua ni vigumu kukitetea kitu ambacho kimekwisha kuitwa ziada. Makala haya yanakusudia kutazama jinsi vitabu hivyo vilivyomfikia mtoto katika historia, na kuuliza kama jina tulilovipa linalingana na kazi vilivyofanya.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiada ni neno la kale katika Kiswahili: mtu husema kiada, yaani taratibu, kwa mpango na kwa kueleweka. Ziada, lenye asili ya Kiarabu, ni kile kinachoongezwa juu ya kingine. Lakini katika matumizi ya kawaida neno hili limebeba maana mbili zisizofanana: nyongeza inayotakiwa, na masalio ambayo mtu aweza kuishi bila ya hayo. Mwalimu hulisoma kwa maana ya kwanza. Mwenye kupanga bajeti aweza kulisoma kwa maana ya pili, wala hatakuwa amevunja sheria yoyote ya lugha.

Usanifishaji wa Kiswahili na vitabu vya shule vilikwenda pamoja tangu mwanzo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, na kuchunguza vitabu vya shule kulikuwa miongoni mwa majukumu yake. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa amekwisha kutafsiri hadithi za Kiingereza za safari na hazina, zikiwamo Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Hizo hazikuwa vitabu vya hesabu wala vya sarufi. Zilikuwa hadithi za kumvuta msomaji afunue ukurasa unaofuata, na kwa njia hiyo lugha sanifu ikapata wasomaji. Hata hivyo, uchaguzi ulifanywa na wachache, na hadithi zilitoka mbali. Mzazi na mzee wa kijiji hawakuulizwa neno.

Mwaka 1948 lilianzishwa shirika la East African Literature Bureau kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Shirika hili lilichapisha vitabu, na pia lilipeleka masanduku ya vitabu mahali ambapo hapakuwa na maktaba. Hapo tunaona chanzo cha ushirika tunaouzungumzia. Sanduku likishafika, linahitaji mtu wa kulipokea, mahali pakavu pa kuliweka, na daftari la kuandika nani ameazima nini. Mambo hayo hayawezi kutolewa na ofisi iliyo mbali. Hutolewa na watu wa mahali penyewe.

Baada ya Uhuru, Tanganyika ilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Kisha likafika Azimio la Musoma la mwaka 1974, na mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ikaanza kutekelezwa. Wakati huo huo watu wazima nao walikuwa madarasani wakijifunza kusoma. Katika nyumba nyingi mzazi na mtoto walikuwa wanafunzi kwa pamoja, jambo ambalo halijatokea mara nyingi katika historia ya nchi yoyote. Wasomaji walikuwa tayari, lakini vitabu havikuwapo vya kutosha. Katika miaka ya 1980 uhaba wa fedha za kigeni ulifanya karatasi na mitambo ya uchapaji kuwa adimu, na kilichochapishwa kilikuwa hasa kile cha darasani.

Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake unastahili kuelezwa, kwa sababu unaonyesha maana ya ushirika kwa vitendo. Mchapishaji alileta mswada. Ukisomwa na kukubaliwa, alichapa nakala 5,000. Mradi ulinunua nakala 3,000 na kuzigawa shuleni na katika maktaba, hasa za vijijini. Nakala 2,000 zilizobaki mchapishaji aliziuza mwenyewe. Hivyo mchapishaji aliondolewa hofu ya hasara, wala hakuondolewa wajibu wa kutafuta wanunuzi. Mwandishi alipata sababu ya kuandika kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto. Lakini upesi ilionekana kwamba kitabu kilichofungiwa katika kabati la mwalimu mkuu hakijamfikia mtoto. Kwa hiyo Mradi uliongeza mafunzo ya walimu, maktaba za shule na matamasha ya usomaji, ambako wazazi waliweza kuwaona watoto wao wakisoma mbele ya watu.

Fundisho hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Nchini Kenya, mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia katika wilaya ya Garissa. Masanduku yalifungwa mgongoni mwa ngamia, hema likasimamishwa na mikeka ikatandikwa. Maktaba ilikuwa imefuata mwendo wa wafugaji, badala ya kuwataka wafugaji waache mwendo wao. Ngamia si chombo cha kigeni kwa watu wale, na huenda ndiyo sababu kitabu nacho hakikuonekana kigeni.

Tukiyapanga mambo haya kwa pamoja, twaona kwamba kitabu cha hadithi hakikudumu mahali popote kwa nguvu ya agizo tu. Kilidumu pale ambapo mwandishi, mchapishaji, mwalimu na mzazi kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Twaona pia kwamba kazi yake haikuwa ya pembeni. Mtoto hujifunza herufi katika kitabu cha kiada. Mazoea ya kusoma huyapata katika kile anachokichukua kwa hiari yake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002 ulijaza madarasa na kutoa ruzuku iliyosaidia kununua vitabu vya kiada. Jambo hilo lilikuwa la haki. Lakini shule yenye vitabu vya aina moja tu yaweza kutoa wahitimu wanaojua kusoma na wasiosoma.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika nyaraka, mihtasari na makadirio ya fedha, vitabu hivi vitajwe kwa kazi yake: vitabu vya kujisomea. Istilahi ya ziada ibaki kwa vile vinavyopanua somo maalumu, kama atlasi na vitabu vya mazoezi. Jina jipya halitaleta fedha, wala halitajenga rafu. Litamlazimu tu mwenye kalamu, atakapotaka kulifuta fungu hilo, aandike kwamba amefuta usomaji wa watoto, asiseme kwamba amepunguza ziada. Wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wanaombwa kulipima pendekezo hili na kutoa maoni yao.