Umeme wa Wanachama: Urambo, Karatu na Historia Isiyosimuliwa

Kila nguzo mpya inaposimikwa, hurudiwa dai moja: kwamba umeme wa vijijini Tanzania umeletwa na serikali peke yake, na kwamba wananchi hawajawahi kuuendesha wenyewe kwa chama chao. Dai hili lina nguvu sana Karatu na Ngorongoro, ambako umeme ulichelewa, na aliyecheleweshewa hujiona mpokeaji tu. Ni dai lenye makosa. Ushahidi wa kulipinga ulichapishwa mwaka 2005 katika jarida la kitaalamu la Energy Policy, na watafiti wa Sweden pamoja na Watanzania wawili, Maneno Katyega na William Chambala. Makala yao yanahusu chama cha ushirika cha watumiaji umeme cha Urambo, mkoani Tabora. Wahandisi huyanukuu, waandishi wetu wa historia ni kama hawajayaona.

Historia rasmi inajulikana, nayo naipitia mbio. Wajerumani waliwasha taa Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya reli. Mwaka 1931 zikaja kampuni mbili binafsi, DARESCO na TANESCO, ya pili ikitegemea maporomoko ya Pangani. Serikali ilinunua hisa mwaka 1964, na kufikia 1975 kila kitu kikawa chake. Mwaka huohuo bwawa la Kidatu likaanza kuzalisha umeme. Ni simulizi ya mabwawa na mashine, na watumiaji hawamo ila kama idadi ya wateja.

Urambo inastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Baada ya vita vya pili vya dunia ilikuwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea, moja ya sehemu tatu za mpango wa karanga wa Waingereza, mradi mkubwa wa dola uliokufa kabla ya kuzaa matunda. Baadaye ikawa nchi ya tumbaku, yenye vyama vya msingi vinavyonunua zao na kugawa pembejeo. Wakulima hao walijua kukaa mkutanoni, kuchagua kamati na kugombana juu ya hesabu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, ikavirejesha kwa sheria ya 1982, na ni sheria ya 1991 iliyorudisha kwa uwazi msingi kwamba chama ni mali ya wanachama. Katika upepo huo, mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa majaribio chini ya Taasisi ya Mazingira ya Stockholm kwa kushirikiana na TANESCO: jenereta la dizeli, nyaya za mji mdogo, na chama ambacho wanachama wake ndio waliokuwa wateja. Umeme uliwaka saa chache za jioni. Wateja walianza wakiwa 67 mwaka 1994, na miaka minane baadaye walikaribia 250.

Takwimu hiyo ni ndogo, nami sidai zaidi ya hapo. Lakini ilipatikana katika muongo ambao TANESCO yenyewe ilikuwa ikilemewa, mgawo wa umeme ukiwa jambo la kawaida kila mvua zilipogoma. Ilipatikana pia bila bei ya ruzuku. Hapa ndipo wapinzani wa ushirika hutoa hoja yao nzito: Urambo walilipa bei ya juu kuliko wateja wa TANESCO. Ni kweli. Ila TANESCO ilikuwa na bei moja kwa nchi nzima, hivyo mteja wa mji mdogo unaotumia dizeli alibebwa na mapato ya wateja wa gridi. Mwanachama wa Urambo hakubebwa na mtu. Alilipa gharama halisi ya lita ya dizeli, na akaendelea kulipa kwa sababu mbadala wake ulikuwa mafuta ya taa na betri za redio. Kulinganisha bei hizo mbili bila kutaja nani anafidia nani ni kuchanganya soko na bajeti.

Hoja ya pili husema chama hicho kilikuwa cha Wasweden, si cha Urambo. Kama fedha za nje zinafuta uraia wa mradi, basi tumefuta Kidatu, iliyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya Sweden, na tumefuta Pangani Mpya, iliyokamilika mwaka 1995 kwa fedha za nchi za Nordiki. Hakuna anayethubutu kusema mabwawa hayo si ya Watanzania. Msemo kwamba mwanakijiji hawezi kutunza daftari la dizeli hauhitaji aya nzima. Uzito uko kwenye hoja ya tatu: kwamba mitandao midogo hufa gridi inapofika. Leo Urambo iko kwenye gridi ya taifa. Lakini kufikiwa na gridi si ushahidi kwamba chama kilishindwa. Ni Sheria ya Umeme ya 2008 na kanuni zilizoifuata zilizowapa wazalishaji wadogo mkataba wa kawaida wa kuiuzia TANESCO, na kuondoa masharti ya leseni kwa mitambo iliyo chini ya megawati 1. Urambo ilifanya kazi kabla mlango huo haujafunguliwa, na haihukumiwi kwa haki na sheria ambayo haikuwepo.

Karatu inahusika vipi? Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Mbulu katikati ya miaka ya 1990, ina uzoefu wa namna ileile katika maji. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola hugawana chemchemi kwa zamu na kwa vyama vya mifereji. KAVIWASU, chombo cha maji cha vijiji kilichosaidiwa na Jimbo Katoliki la Mbulu, kiliendesha visima virefu na kukusanya ada kwa usemi wa vijiji, hadi usemi huo ukawa chanzo cha mvutano na mamlaka. Anayesema watu wa hapa wasingeweza kuendesha jenereta aeleze kwanza waliwezaje kuendesha pampu. Kisima kirefu nacho kinataka nishati, fundi, vipuri na mhasibu mwaminifu, na hesabu zake ni ngumu kuliko za balbu.

Ngorongoro ni suala tofauti, na hapa nazipa nafasi hoja za upande wa pili. Tangu 1959 eneo la hifadhi lina sheria yake, na mtu hajengi wala kupitisha nyaya kama katika kijiji kingine. Ng'ambo yake, Loliondo ilikaa miaka mingi katika orodha ya vituo vya dizeli vya TANESCO vilivyo nje ya gridi, yaani chini ya bei ileile ya taifa. Pale ambapo dola hubeba tofauti ya gharama, ushirika hauna cha kushindania. Hali hiyo imezidi tangu ada ya kuunganishiwa umeme vijijini iliposhushwa hadi shilingi 27,000, na tangu waendeshaji wa mitandao midogo ya jua walipoagizwa mwaka 2020 kuuza uniti kwa shilingi 100. Kwa mlipaji ni nafuu kubwa, nami siiombei iondolewe. Ila bei hiyo ni uamuzi wa kisiasa wa miaka ya karibuni, na hauwezi kutumika kueleza kwa nini watu 67 wa Urambo walijiunga mwaka 1994, wakati hapakuwa na wa kuwalipia tofauti hiyo.