Vinland Saga na Boma la Kisabengo

Katika anime nilizotazama miezi ya karibuni, Frieren imenituliza na Orb imeninyima usingizi, lakini ninayoendelea kubishana nayo kichwani ni sizoni ya pili ya Vinland Saga. Ni ile ambayo nusu ya rafiki zangu wa hapa Moro waliikimbia mapema. Lalamiko lao ni moja: vita iko wapi? Jamaa wanalima tu. Mimi nasema hapo hapo kwenye kulima ndipo anime hii inapofanya kazi ya historia kuliko filamu nyingi za mapanga na damu. Na sisi wa mji kasoro bahari tuna sababu yetu ya kuitazama kwa makini, maana mji wetu una mwanzilishi anayefanana sana na mmoja wa wahusika wake.

Kwa ambaye hajaiona, naeleza kwa kifupi, na uniwie radhi kama nakuharibia utamu. Makoto Yukimura alianza kuchora manga hii mwaka 2005. Studio ya Wit ikatoa sizoni ya kwanza mwaka 2019, MAPPA wakatoa ya pili mwaka 2023, episodi 24 kwa kila moja. Tupo karne ya 11, Ulaya ya kaskazini, wakati Waviking wanaivamia Uingereza. Thorfinn, mtoto wa Iceland, anashuhudia baba yake akiuawa na kundi la mtu anayeitwa Askeladd. Badala ya kumkimbia muuaji, anamfuata. Anakua ndani ya kundi lile lile, anaua kwa amri ya mtu yule yule, akingojea siku ya kulipa kisasi. Siku hiyo haiji. Askeladd anauawa na mwingine, na kijana anabaki hana hata chuki ya kumshikilia. Sizoni ya pili inamkuta Denmark, mtumwa katika shamba la tajiri mmoja, Ketil.

Huko anakutana na Einar, mkulima wa Uingereza aliyetekwa kijijini kwake. Ketil anawapa kipande cha msitu na sharti: wafyeke, walime ngano, wamuuzie mavuno, na fedha itakayopatikana wajinunue wenyewe. Basi. Episodi baada ya episodi tunaona miti ikiangushwa na visiki vikigoma kutoka. Wanahitaji farasi wa kuvuta, na wenye farasi hawataki kuwaazima watumwa. Anayewasaidia ni mzee mmoja, baba yake Ketil, naye hatoi bure: wanalipa kwa kumfanyia kazi. Ngano inapochipua, kuna wivu wa vibarua huru wanaoona watumwa wanaelekea kupata kitu.

Sasa, fikiria tulivyofundishwa utumwa shuleni. Kulikuwa na mnyororo, msafara, pembe za ndovu, soko la Zanzibar lililofungwa mwaka 1873, halafu ukurasa unageuka na utumwa umekwisha. Mtumwa wa kwenye kitabu anatembea na anauzwa. Haamki asubuhi kwenda shambani. Hana jirani, hana mpango wa miaka mitano, hana bwana anayemsalimia kwa upole. Kwa hiyo tukimaliza shule tunajua utumwa kama safari. Maisha yenyewe hatuyajui, ingawa huku bara sheria ya kuufuta kabisa ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hiyo ni miaka mia moja na kidogo tu, umri wa bibi wa bibi zetu.

Vinland Saga inajaza pengo hilo kwa kumchora Ketil kama mtu mwema. Hapigi ovyo, halishi watu makombo, na meneja wake, Pater, ni mtumwa wa zamani aliyejikomboa kwa njia ile ile. Mtazamaji unaanza kumpenda. Halafu unaona kwamba Arnheid, mwanamke wa Kitumwa anayemliwaza usiku, hana mlango wa kutokea. Siku mambo ya Ketil yanapoharibika, na akagundua Arnheid alitaka kutoroka na mumewe wa zamani, anampiga akiwa na mimba yake mwenyewe, na mama yule anakufa. Upole wa bwana ulikuwa ni hali ya hewa tu. Nimesikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, hoja kwamba utumwa wa kwetu ulikuwa "wa kifamilia", si kama ule wa Marekani. Ningependa kila mwenye hoja hiyo atazame episodi za Arnheid kisha tuendelee kuzungumza.

Lakini mhusika aliyenirudisha Morogoro ni Askeladd.

Mama yake Askeladd alikuwa mwanamke wa ukoo mkubwa wa Wales aliyetekwa na Waviking na kufanywa mtumwa. Baba yake ndiye mtekaji. Mtoto akakua akimwona mama anaugua na kudhalilika, akamuua baba yake, akarithi watu wake. Na baada ya hapo? Akaishi kwa kufanya yale yale waliyofanyiwa kina mama yake. Kuna kijiji cha Uingereza ambacho kundi lake linakimaliza chote wakati wa baridi kwa ajili ya akiba ya chakula. Ukimtazama huwezi kusema ni mhalifu tu, kwa sababu unajua jeraha lake. Huwezi kusema ni shujaa pia, kwa sababu umeona kile kijiji.

Haya, tuje bonde la Ngerengere. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1907, kabla ya Wajerumani, hapa palikuwa na mji wenye ukuta ulioitwa Simbamwene. Henry Morton Stanley aliupitia mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone, na maelezo yake ndiyo yanayonukuliwa zaidi mpaka leo. Anaeleza ukuta wa mawe, minara kwenye pembe, malango manne ya mbao ngumu yenye nakshi kama za milango ya pwani. Alikadiria watu 3,000, kisha akasema kwa jinsi walivyobanana huenda wakafika 5,000.

Aliyeujenga alikuwa Kisabengo. Kwa mujibu wa Stanley, alitoka katika ukoo wa kawaida, akapata jina kwa nguvu za mwili na ufundi wa kusema. Waliomfuata kwanza walikuwa watumwa watoro. Akiwindwa na serikali ya Sultani wa Zanzibar, akakimbilia bara, akaingia Ukami, akapigana mpaka Wakami wakamwachia ardhi kubwa yenye rutuba, na hapo kando ya mto akajenga boma lake. Na jina lake likawa la kutisha kwa Wadoe, Wakami na Wakwere, kwa sababu alikuwa akiteka watu.

Soma tena hapo. Kiongozi wa watoro akawa mtekaji. Watu waliokwepa mnyororo wakajenga mji, na mji huo ukaishi, angalau kwa sehemu, kwa kuwafunga wengine.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo Stanley namsoma kwa jicho la kazi. Naye alikuwa ametumwa na gazeti, New York Herald. Kisabengo hakumwona, alikuwa ameshafariki, na aliyetawala ni binti yake mkubwa, aliyerithi jina la Simbamwene pamoja na mji. Tena Stanley aligombana na huyo malkia kuhusu hongo. Yaani chanzo chetu ni mgeni mpita njia, aliyeandika habari za marehemu kwa kusikia, huku akiwa na ugomvi na familia. Mhariri yeyote angemrudishia habari hiyo na kumwambia akatafute upande wa pili. Hata hivyo siwezi kuitupa yote. Sifa za kuteka watu hazikuanzia kwake. Zilikuwa zimeshaenea kwa majirani kabla hajafika.

Tatizo letu ni namna ya kumsimulia mtu kama huyu. Nimesikia namna mbili. Ya kwanza inamfanya mwasisi: chifu shupavu, mjenzi, aliyemtoroka Sultani, na habari za utekaji zinaachwa ziwe uzushi wa wazungu. Ya pili inamfanya jambazi aliyekuwa akiwavamia Wakami na Waluguru, na habari za watoro waliopata kwake ukuta wa kujificha zinaachwa. Kila moja inakata nusu ya mtu. Mtoro aliyelala usingizi wa kwanza wa amani ndani ya boma lile alikuwepo. Mkwere aliyefungwa kamba na watu wa boma lile alikuwepo pia. Historia ya mji huu ni ya wote wawili, na inawezekana wajukuu wao wanapanda daladala moja kutoka Msamvu.

Hapo ndipo Yukimura alipotushinda. Amempa Askeladd nafasi ya kuwa vyote viwili kwa muda mrefu, bila kumtetea na bila kumhukumu haraka. Kisha akamchukua Thorfinn, mwanafunzi wa mtu huyo, akamweka shambani na kumuuliza: umeua watu, sasa utaishi vipi? Jibu la Thorfinn ni kutafuta nchi ya mbali, Vinland, ambako hakuna vita wala utumwa. Si ndoto ya kubuni tupu. Thorfinn Karlsefni wa historia alikuwa mtu wa Iceland aliyejaribu kweli kuhamia Amerika ya Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 11.

Nikitazama milima ya Uluguru naona kwamba na sisi tulikuwa na Vinland, tena zaidi ya moja. Jina Waluguru lenyewe linatokana na mlima, na simulizi za koo nyingi zinaeleza watu kupanda juu wakikimbia vita na watekaji. Kwao, usalama ulikuwa mteremko na ukungu. Kwa watoro wa Kisabengo, usalama ulikuwa ukuta na malango. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1880, wamisionari wa Roho Mtakatifu kutoka Bagamoyo wakafika hapa, na kwao usalama ulikuwa kijiji cha waliokombolewa utumwani: unapata uhuru, unapata jina, na unapata jembe la shamba la misheni pamoja na ratiba ya kengele. Ketil angeielewa hesabu hiyo. Makimbilio matatu katika wilaya moja, na kila moja lilikuwa na bei yake.

Nina neno la kuilaumu anime hii. Arnheid anakufa ili wanaume wawili wajifunze. Machozi ni ya kwake, safari inabaki ya kwao. Ukirudi kwenye historia ya huku, wanawake hawakai pembeni hivyo. Swema, msichana wa Kiyao aliyefikishwa Zanzibar miaka ya 1860, akazikwa akidhaniwa hatapona, akaokolewa na kulelewa na masista, alieleza mkasa wake na ukaandikwa na wamisionari. Hata kama maneno yamepita kwenye kalamu ya padri, bado tunamsikia akimlilia mama yake aliyeachwa njiani. Na hapa kwetu aliyerithi boma la mtekaji alikuwa binti. Alilionaje jina la baba yake? Aliwafanya nini watu waliokuwa wamefungwa ndani ya ukuta? Hiyo ni hadithi ambayo Waviking wa Yukimura hawana.

Stanley aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yameubomoa mji. Ukuta wa mbele ulikuwa umesombwa pamoja na nyumba kama 50, na malkia alikuwa amekimbia. Kisabengo enzi za uhai wake alichimbisha mfereji kuleta maji ya mto karibu na boma, na watu wakajivunia. Mvua kubwa ilipokuja, mto ukafuata mfereji ule ule ukaingia mjini.

Ningetaka sana kuona wachoraji wetu wakiichukua hadithi hii. Wapo. Nairobi ilitengeneza Tinga Tinga Tales kwa rangi zilizozaliwa Dar es Salaam, na Ubongo Kids inafundisha watoto wetu hesabu tangu 2014. Uwezo wa kuchora tunao. Ombi langu kwa atakayejaribu: asianze na vita. Aanze na nani alichimba ule mfereji. Mfereji haujichimbi, na mtu aliyekusanya watoro na mateka katika boma moja alikuwa na mikono mingi ya kuamuru. Walikuwa watu huru waliofurahi kujenga kwao, au walikuwa kina Einar wanaohesabu siku? Stanley hakuuliza.

Labda kuna nyumba, Kihonda au Mwembesongo au juu kule Kinole, ambako bado yupo mzee mwenye kipande cha simulizi ambacho hakikupita kwenye daftari la Stanley. Kama ni babu yako, msikilize kabla hujafungua episodi inayofuata, na umrekodi. Simu unayotazamia anime inatosha.