Theluji bandia yazua mvutano wa maji milimani Alps

Mchezo wa kuteleza kwenye theluji huvutia mamilioni ya watalii katika milima ya Alps, barani Ulaya. Ili kuwatengenezea njia, misitu hufyekwa na miteremko kusawazishwa, hivyo udongo humomonyoka kwa urahisi. Magari na ndege zinazowasafirisha hutoa gesi zinazoongeza joto duniani, na theluji huzidi kupungua. Ndipo mitambo hutumika kurusha matone ya maji yanayoganda hewani.

Nchini Ufaransa, mji mdogo wa La Clusaz ulipanga kuchimba bwawa la mita 148,000 za ujazo, kwa maji ya kunywa na ya kutengenezea theluji. Oktoba 2022, mahakama mjini Grenoble ilisimamisha mradi huo ili kuwanusuru viumbe wanaolindwa kisheria.