Ndovu Mweupe wa Kongwa

Waingereza hukiita "ndovu mweupe" kitu kilichogharimu mali nyingi kisha kikakaa bure, hakitumiki wala hakitupiki. Asili ya msemo huu yatajwa kuwa Siam, yaani Thailand ya leo. Yasimuliwa kwamba mfalme wa huko alipotaka kumfilisi mtumishi aliyemchukia, alimtunuku ndovu mweupe, mnyama mtakatifu asiyefanyishwa kazi wala kuuzwa, ila kulishwa tu.

Kisa ni kitamu, nami nimepata kukisimulia, lakini historia haikiungi mkono. Wafalme wa Siam hawakuwa na desturi ya kugawa ndovu hao ovyo. Kila aliyepatikana alikuwa wa mfalme, na wingi wao ulikuwa dalili ya baraka katika utawala wake. Mwaka 1563 Bayinnaung, mfalme wa Burma, alidai wawili kutoka Ayutthaya, uliokuwa mji mkuu wa Siam. Aliponyimwa akaivamia nchi kwa vita. Basi kile ambacho Mwingereza amekifanya mfano wa mzigo, wenyewe walikimwagia damu.

Nayakumbuka hayo kila nisomapo kwamba mpango wa karanga wa Tanganyika ulikuwa ndovu mweupe. Serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947, ikikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zake katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Huko Kongwa mizizi ya vichaka iliharibu mitambo, mvua ikakosa, na udongo ukakauka ukawa mgumu kama sakafu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni karibu milioni 36 zimekwisha potea. Reli iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea nayo iling'olewa katika miaka ya 1960.

Hata hivyo msemo wafaa nusu tu. Katika kile kisa cha Siam apataye hasara ni aliyepewa. Hapa fedha zilizopotea zilikuwa za mtoaji, na wenyeji ambao nyika yao ilifyekwa hawakuwa wameomba zawadi yoyote. Tena si vyote vilivyokaa bure. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, yapakia korosho hata leo. Na hapo hapo Kongwa, tangu mwaka 1964, walipiga kambi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwamo wa ANC, FRELIMO na SWAPO.