Mafuta Yaliyotunza Historia ya Joto la Ziwa Tanganyika

Mgebuka anayeshushwa kila asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ana jina la Mbelgiji. Kitaalamu anaitwa Lates stappersii, kwa heshima ya Louis Stappers, aliyezunguka Ziwa Tanganyika mwaka 1912 na 1913 akikusanya samaki na kupima joto la maji. Thamani ya vipimo vyake vya joto ilikuja kuonekana vizuri miaka 90 baadaye. Mwaka 2003 Piet Verburg na wenzake walivilinganisha na vipimo vipya, wakaonyesha kwamba ziwa limepata joto hadi kwenye vina virefu. Mwaka huohuo Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kuwa mimea midogo inayoelea majini, ambayo ndiyo msingi wa chakula cha ziwa zima, imepungua uzalishaji kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo unaweza kushusha mavuno ya samaki kwa asilimia 30.

Chanzo chake si kigumu kukieleza. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na virutubisho vyake vingi vimelala chini. Upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi ndio unaoyasukuma maji na kuvipandisha juu. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, yakakaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo, na upepo uleule hauwezi tena kufanya kazi yake. Mimea midogo inakosa rutuba, dagaa wanakosa chakula, na migebuka wanaowala dagaa nao wanapungua.

Hata hivyo, vipimo vya karne moja havisemi kama joto hili ni geni au ni jambo ambalo ziwa limelizoea tangu kale. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na maandishi ya wasafiri kama hao hayaturudishi nyuma sana. Ilibidi kumbukumbu itafutwe kwenye tope la chini ya ziwa, katika mafuta ya viumbe wasioonekana kwa macho.

Kila seli hai imezungushiwa utando wa lipidi, yaani mafuta ya aina maalumu. Evert Gorter na François Grendel, walipochunguza chembe nyekundu za damu huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1925, walieleza kuwa utando huo ni matabaka mawili: vichwa vinavyopenda maji viko nje na ndani, mikia ya mafuta imefichwa katikati. Mwaka 1971 Roger Kornberg na Harden McConnell walionyesha kwamba lipidi ikiachwa yenyewe huchukua saa nyingi kuhama kutoka tabaka moja kwenda jingine, kwa kuwa kichwa chake hakikubali kupita kwenye mafuta ya katikati. Basi nani anaivusha? Mwaka 1984 Michel Seigneuret na Philippe Devaux walionyesha kuwa chembe nyekundu ya damu hutumia nishati kuvusha lipidi fulani kutoka nje kwenda ndani. Protini za kazi hiyo leo huitwa flipasi. Zipo pia skramblasi, ambazo hazitumii nishati: zikifunguka, lipidi za pande mbili huchanganyika, na seli inayokufa hutumia njia hiyo kutoa nje lipidi ya ndani ili seli walinzi zijue kuwa imefika wakati wa kuiondoa.

Arkea wa ziwani, viumbe wadogo kama bakteria lakini wa ukoo wao wenyewe, wamejenga utando kwa namna nyingine. Lipidi yao moja ina vichwa viwili na imeenea kutoka upande mmoja wa utando hadi wa pili. Ikishakamilika hivyo, haigeuki tena. Protini zao zina kazi nyingine ya kustaajabisha: kufunga pete ndogo za kaboni katikati ya lipidi hiyo. Protini mbili za namna hiyo, GrsA na GrsB, zilitambuliwa na maabara ya Paula Welander wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019.

Pete hizo zina maana kubwa. Mawese huganda asubuhi ya baridi na kulainika jua likipanda, na utando wa seli, kwa kuwa nao ni mafuta, unakabiliwa na tatizo hilohilo. Maji yakipata joto, arkea huongeza pete ili utando usilegee, yakipoa, huzipunguza. Arkea akifa, lipidi zake huzama na kulala kwenye tope pamoja na hesabu ya pete zake. Katika Tanganyika oksijeni huishia mita 100 hadi 200 hivi kutoka juu. Chini ya hapo hakuna mnyama wa kulifukua tope, kwa hiyo linabaki limepangika tabaka kwa tabaka.

Mwaka 2002 Stefan Schouten na wenzake, katika kisiwa cha Texel, Uholanzi, walitoa njia ya kugeuza hesabu ya pete kuwa nyuzi za joto. Waliiita TEX86, kwa sababu ya atomi 86 za kaboni zilizomo katika lipidi hizo. Njia hii ina mipaka yake. Udongo unaoletwa na mito huja na lipidi zake na unaweza kuvuruga hesabu, hivyo mahali pa kuchukua tope huteuliwa kwa uangalifu.

Mahali pazuri palipatikana mkoani Kigoma kwenyewe: mwinuko uliozama majini karibu na Kalya. Mwaka 2004 watafiti wa Mradi wa Nyanza, uliokuwa na makao mjini Kigoma na kuwafundisha wanafunzi wa Afrika Mashariki na Marekani pamoja, walichomoa hapo nguzo ndefu za tope. Jessica Tierney, James Russell na wenzao walizisoma, na mwaka 2008 wakatoa historia ya miaka 60,000. Ilionekana kwamba mwishoni mwa zama za barafu eneo letu lilianza kupata joto miaka 3,000 hivi kabla ya hewa ya ukaa kuongezeka angani. Ugunduzi huo ulitikisa mawazo ya wengi kuhusu tabianchi ya tropiki.

Utafiti wa mwaka 2010 ndio unaotugusa zaidi sisi wa leo. Safari hii Tierney na wenzake waliangalia miaka 1,500 iliyopita, na lipidi zikatoa jibu bayana: joto la maji ya juu mwishoni mwa karne ya 20, nyuzi 26 hivi za Selsiasi, halikuwahi kufikiwa katika kipindi chote hicho. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake waliongeza ushahidi mzito. Mabaki ya samaki kwenye tope yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kushika kasi katikati ya karne ya 20, na asilimia 38 ya sakafu ya ziwa iliyokuwa na oksijeni katika maeneo waliyochunguza ilikuwa imepotea tangu 1946.

Nalisisitiza hili kwa sababu mvuvi wa Kigoma amebebeshwa lawama yote kwa muda mrefu. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Naunga mkono mapumziko hayo, kwa maana nyavu zenye matundu madogo na boti nyingi kupita kiasi ni tatizo la kweli, na dagaa wanahitaji muda wa kuzaliana. Lakini kufunga ziwa hakupozi maji. Kiasi cha samaki kinachoruhusiwa kuvuliwa kikikadiriwa kwa takwimu za miaka ya neema, wakati ziwa lenyewe linazalisha pungufu, hesabu hiyo itamwangusha mvuvi hata akitii kila sheria. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vya Kibirizi, Katonga na Kalya wanastahili kuwekewa mezani takwimu za joto pamoja na za mavuno, kwa Kiswahili, kabla ya msimu kufungwa na si baada yake.