Historia ya Elimu ya Ustahimilivu katika Shule za Awali

Hadi katikati ya karne ya 20, saikolojia ya watoto ilijishughulisha zaidi na madhara. Mtoto aliyekulia katika ufukara, ulevi wa baba au ugonjwa wa akili wa mama alichunguzwa ili ijulikane ameharibika kwa kiasi gani. Wenzake waliokua vizuri katika nyumba za aina hiyohiyo hawakuonekana kwenye vitabu, kwa sababu ndogo tu kwamba hawakupelekwa kwa daktari. Elimu ya kuwajengea ustahimilivu watoto wadogo ina asili yake katika uamuzi wa watafiti wachache kuwafuata watoto hao wasioonekana.

Utafiti uliosikika zaidi ulifanyika katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, ambako wazazi wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya miwa na mananasi. Emmy Werner, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyeonja vita utotoni mwake, pamoja na Ruth Smith, walifuatilia maisha ya watoto 698 waliozaliwa kisiwani humo mwaka 1955. Takriban theluthi moja yao walizaliwa katika hali ngumu: umaskini, matatizo wakati wa uzazi, ugomvi wa wazazi, ulevi au maradhi ya akili nyumbani. Katika kundi hilo, mtoto mmoja kati ya watatu alikua mtu mzima anayejiamini, anayejitegemea na anayewajali wengine. Kitabu chao cha mwaka 1982 kilieleza waliyoyakuta katika maisha ya hao walionusurika. Karibu kila mmoja alikuwa na mtu mzima aliyemshikilia tangu mapema, na si lazima awe mzazi. Wengine walilelewa na bibi, wengine walimtegemea dada mkubwa au mwalimu waliyempenda. Wengi walikuwa na kazi za nyumbani zilizowategemea wao, na waliamini kwamba jitihada zao zinaweza kubadilisha mambo.

Wasomaji wengi wa utafiti huo hukumbuka theluthi iliyofaulu na kusahau theluthi mbili zilizopata matatizo kabla ya kufikia miaka 18. Hata hivyo hao nao hawakupotea wote. Walipofuatiliwa tena wakiwa na miaka 32 na 40, wengi walikuwa wamejirekebisha kwa kurudi masomoni, kuingia jeshini, kupata mwenzi mwema au kujiunga na jumuiya ya dini. Utoto wa mapema una uzito wake, lakini haufungi mlango.

Wakati huohuo mkondo mwingine ulikuwa ukianzia maabara. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia waliacha kujitetea hata walipofunguliwa njia ya kutoka. Unyonge, walihitimisha, unafundishika. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya Seligman kuligeuza swali na kuuliza kama matumaini nayo yanafundishika. Jibu lake kwa wazazi na walimu alilitoa mwaka 1995 katika kitabu kuhusu mtoto mwenye matumaini. Alipochaguliwa kuongoza Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kwa mwaka 1998, aliitangaza saikolojia chanya, yaani uchunguzi wa kinachowafanya watu wastawi, kuwa dira ya uongozi wake. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia bustanini, binti yake wa miaka mitano alipomwambia kuwa yeye ameweza kuacha kulialia, basi na baba anaweza kuacha kununa.

Walimu wa chekechea hawakumsubiri Seligman. Huko Philadelphia, wanasaikolojia George Spivack na Myrna Shure walikuwa wamekwisha kuandaa, na mwaka 1974 kuchapisha, mafunzo ya watoto wa miaka minne kutoka familia maskini. Yalianza na michezo ya maneno kama "sawa" na "tofauti", "kabla" na "baada", "au". Mtoto aliyezoea kusema "au" alianza kuona kwamba akitaka baiskeli ya mwenzake anaweza kuinyakua, au kuiomba, au kungoja zamu. Mwalimu hakumpa jibu. Alimuuliza nini kitafuata akifanya hivi au vile. Watoto wenye pupa walitulia, na wenye haya walianza kujitokeza.

Mwanasaikolojia Carol Dweck aligusa jambo lililo karibu zaidi na mazoea ya kila siku. Ilidhaniwa kuwa watoto wa chekechea ni wadogo mno kukata tamaa kwa sababu ya kushindwa. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba dhana hiyo si sahihi. Mwaka 1999, yeye na Melissa Kamins waligundua kwamba sifa inayomhusu mtoto mwenyewe, ya namna ya "una akili", ambayo walimu huitoa kwa nia njema kabisa, humfanya ajione hafai mara anapokosea. Anayesifiwa kwa njia aliyotumia huwa tayari zaidi kujaribu tena.

Katika miaka ya 2000 mikondo hii iliingia pamoja madarasani. Mpango wa PATHS, ulioanza miaka ya 1980 kwa watoto viziwi, ulitengenezewa toleo la shule za awali. Humo mtoto husimuliwa habari za kobe mdogo anayejificha gambani akikasirika. Mtoto naye akikasirika hukunja mikono kifuani, huvuta pumzi, kisha husema tatizo na anavyojisikia. Jaribio lake lililochapishwa mwaka 2007, katika madarasa ya Head Start, mpango wa serikali ya Marekani wa elimu ya awali kwa familia maskini, huko Pennsylvania, lilikuta watoto wakitambua hisia vizuri zaidi na wakielewana zaidi na wenzao.

Head Start, ulioanzishwa mwaka 1965, huwapa watoto chakula, uchunguzi wa afya na huduma kwa wazazi. Madarasa yaliyofundisha habari za kobe na yasiyofundisha yote yalikuwa na huduma hizo. Kwa hiyo jaribio hilo linapima kile ambacho masomo huongeza juu ya mlo na tiba. Halisemi lolote kuhusu mtoto anayefundishwa kuvuta pumzi akiwa na njaa, ingawa madai kwamba mafunzo hayo humsaidia hata huyo husikika wanapotafutwa wafadhili.